Tochi na Vitambaa Viwili

Siku yangu ya kwanza kazini mkuu wa depo alinipa tochi ndogo ya betri, fupi kama kidole changu cha kati, akaniuliza ni kitu gani. Nilimjibu kwamba ni tochi. Alinitazama juu ya miwani yake.

"Hapana," akasema. "Ile ni jina iko ku carton. Washa, nitarudi."

Nikaiwasha, nikaisimamisha juu ya meza, nikakaa mbele yake mikono ikiwa magotini kama mgeni anayesubiri chai. Mkuu aliporudi mchana, mwanga ulikuwa umebaki mwekundu, kama kaa la moto linalokufa. Aliuliza iliwaka kwa muda gani. Sikujua. Ilianza kupungua lini? Sikujua. Ilipata joto? Sikuwa nimeigusa.

"Sasa weye ulikuwa unafanya nini?" aliuliza bila hasira, kama mtu anayetaka kujua kweli. "Torche njo ilikuwa inakuangalia weye."

Kuanzia siku hiyo hadi nilipostaafu sikukaa mbele ya kitu kinachowaka bila daftari na saa. Vijana wanaoniuliza nilifanya kazi gani hucheka ninapowaambia kwamba nilikuwa napima tochi. Nawaandikia hapa jinsi tulivyofanya, na jinsi nilivyokosea mara moja, maana kosa hilo lilinifundisha kuliko miaka yote iliyotangulia.

Depo yetu ilikuwa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kwenye mteremko wa Kadutu. Iligawa vifaa kwa vituo vya afya vya mjini na vya mbali kama Mwenga na Shabunda: glavu, mikasi, mabeseni, mizani ya watoto wachanga, na tochi. Mkunga wa kituo hakuchagua tochi yake. Alipokea ile niliyoitia sahihi, na umeme ukikatika mtoto akiwa njiani, ndiyo hiyo aliyoiwasha. Tochi ikiwa mbaya, si mimi niliyeumia. Aliumia mtu nisiyemjua, mahali ambapo sikuwepo. Mkuu wa depo alinikumbusha jambo hilo kila aliponipa kalamu.

Upimaji wenyewe ulikuwa na mpango. Nyuma ya ghala kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, tulichokiita chumba cheusi. Ukingo wa mlango wake ulizibwa kwa blanketi, ili hata saa sita mchana giza liwe kamili. Ukuta wa mbele ulipakwa chokaa kila mwaka, na mkuu mwenyewe alisimamia kazi hiyo, kwa sababu ukuta ukiwa mchafu huwezi kulinganisha tochi ya mwaka huu na ya mwaka jana. Sakafuni tulichora mistari ya mita. Tochi ilisimama kwenye mstari, duara la mwanga lilianguka ukutani, nasi tukapima upana wake na kuandika kama ukingo ni laini au una vivuli.

Tulikuwa na majaribio mengine. Tochi iliangushwa kutoka urefu wa kitanda cha kuzalia hadi kwenye sementi, mara kumi, kwa sababu ndiko inakoanguka. Ilizamishwa katika beseni la maji, kisha tukafungua kifuniko cha nyuma kuona kama ule mpira mwembamba wa duara unaozuia maji umefanya kazi yake. Swichi ilibonyezwa mara mia mara mia, tukihesabu kwa punje za maharagwe. Tulivaa glavu, tukajipaka sabuni, tukajaribu kubadilisha betri. Wengi walishangazwa na jaribio la mwisho: nilishika tochi kwa meno, nikafunga fundo la uzi kwa mikono yote miwili. Mkunga hana mkono wa tatu.

Nilipoanza, tochi nyingi zilikuwa na balbu yenye kiuzi kinachowaka. Ilikuwa na njaa ya betri, na ikianguka mara moja uzi ulikatika. Kisha zikaja za LED. LED haina uzi. Ni kipande kidogo kama punje ya mtama, chenye doa la njano katikati, kinachotoa mwanga mwingi kwa umeme mdogo. Betri moja ya kidole, ile wanayoiita pile ndogo, ilianza kufanya kazi ya betri tatu kubwa. Tulifurahi, lakini tuligundua pia kwamba maandishi ya katoni yalikuwa yanakua haraka kuliko tochi zenyewe. Tochi moja iliandikwa kwamba inafika mita mia mbili. Mkuu aliisoma kwa Kifaransa chake kizuri, akatoka nayo hadi uani, akaniuliza: "Deux cents mètres za kwenda wapi?" Katika chumba cheusi, kwenye mstari wa kumi na tano, duara lake lilikuwa limeshachoka.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Kamituga, kwenye tawi letu dogo. Barabara ni mbovu, na mji unaishi kwa dhahabu. Huko niliona kwamba mpimaji wa kweli wa tochi ni mchimbaji. Huifunga kichwani kwa mkanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki. Huigusisha shavuni kusikia joto, na akiinunua haulizi inafika mbali kiasi gani, huuliza kama pile yake inapatikana dukani. Niliandika yote.

Niliandika na jambo moja ambalo sikulielewa. Jirani na tawi letu kulikuwa na mzee anayenunua dhahabu. Duka lake lilikuwa na taa, lakini kila mchimbaji alipokuja na punje zake, mzee aliinuka na kwenda kuzitazama mlangoni. Hata mvua iliponyesha, alisimama mlangoni na mabega yakilowa. Nilimuuliza kwa nini asikae karibu na taa kama watu wengine.

"Maman," akasema, "ku taa ya jaune kila kitu iko or."

Nilidhani anatania, eti chini ya taa ya njano kila kitu ni dhahabu. Nikaandika maneno yake, nikafungua ukurasa mwingine.

Niliporudishwa Bukavu mkuu wangu wa kwanza alikuwa amekwisha kustaafu. Aliyekuja baada yake tulimwita Logisticien, kwa cheo chake cha mkuu wa ugavi, kijana aliyesoma, mwenye heshima, anayependa mambo yamalizike. Mimi nilikuwa sasa msimamizi wa upimaji, na fishi ya majaribio, ile karatasi inayosema kifaa kimepita au kimeshindwa, haikutoka bila sahihi yangu.

Zilifika sampuli za aina mbili za tochi ndogo. Kwa umbo zilikuwa pacha: mwili wa alumini wenye mikwaruzo ya kusaidia mkono usiteleze, swichi mkiani, tundu dogo la kupitishia kamba, betri moja ya kidole. Zote ziliogelea, zote zilianguka mara kumi zikainuka. Tofauti ilikuwa rangi ya mwanga. Ya kwanza ilitoa mwanga mweupe unaokaribia buluu. Ya pili ilitoa mwanga wa njano wa taratibu, kama taa ya mafuta.

Katika chumba cheusi tulimulikana usoni. Chini ya ile nyeupe dereva wetu alionekana kama mtu aliyetolewa hospitali kabla ya kupona, na mimi, walisema, nilifaa kuombewa misa. Chini ya ile ya njano sote tulipendeza kama siku ya Noeli. Logisticien aliongeza hoja ya maana, kwamba mwanga laini haumchomi mtoto mchanga machoni. Ile ya njano iliwaka pia muda mrefu kidogo kuliko mwenzake. Nikatia sahihi. Ile nyeupe ilikwenda kukaa katika droo yangu.

Zilinunuliwa tochi mia tatu. Kwa desturi ya depo, katoni ya kwanza hupelekwa karibu, ili malalamiko yasitoke mbali. Tuliipeleka katika kituo kimoja cha afya upande wa Kasha, kule Bagira. Nyingine zilisubiri lori la Mwenga.

Asubuhi lori lilipokuwa linapakiwa, mkunga mkuu wa kituo kile aliingia depo. Nilimfahamu, mwanamke mfupi, mzito wa maneno. Alikuwa amelowa mvua. Alitoa tochi yangu katika mfuko wa koti lake, akaiweka juu ya fishi zangu.

"Maman, torche yako inapenda batoto," akasema. "Kwa yeye yote iko muzima."

Nilimpa kiti, akanieleza kwa mpangilio. Juzi yake kulikuwa na mtoto wa siku tatu aliyetakiwa kurudi nyumbani na mama yake. Mvua ilikuwa kubwa, madirisha yamefungwa, umeme umekatika. Mkunga alimkagua mtoto kama kawaida kwa tochi mpya: macho, midomo, kifua, nyayo. Hasa alitafuta manjano, ugonjwa unaogeuza ngozi na macho ya mtoto mchanga kuwa ya njano, ambao ukizidi unaharibu ubongo. Hakuona kitu. Aliandika kwamba mtoto yuko salama, akawafungulia mlango.

Bibi wa mtoto alimbeba hadi barazani kungoja mvua ipungue. Akamfunua kumpangusa mdomo. Kisha akarudi ndani bila haraka, akasema kwamba huyu mtoto iko na macho ya jaune, na kama hawaoni waje nje.

"Nikaenda inje," mkunga alisema. "Maman, hata kipofu angeona."

Mtoto alikimbizwa hospitali siku ile ile. Nilimuuliza anaendeleaje. Alisema bado yuko chini ya taa ya buluu, ile inayotibu manjano, na daktari hajasema neno la mwisho.

Nilifungua fishi. Upana wa duara, mzuri. Maji, mazuri. Kuanguka, kuzuri. Nilisoma mistari yote mara mbili nikitafuta mahali ambapo tochi ilidanganya, na hapakuwepo, kwa sababu hatukuwa tumeiuliza. Hapo nikamkumbuka mzee wa Kamituga akilowa mlangoni pake.

Nilimshika mkunga mkono, tukaingia chumba cheusi na tochi zote mbili, yake na ile ya droo. Niliwasha ya njano. Ukuta wetu uliopakwa chokaa kila mwaka ulikuwa mweupe. Nikawasha ile nyeupe kando yake, na nusu ya ukuta ikageuka rangi ya siagi. Kumbe muda wote ulikuwa wa njano, na sisi tuliuona mweupe, maana jicho likikaa na mwanga mmoja husamehe haraka. Na ndani ya chumba kile, katika miaka yote, hatukuwahi kuweka mbele ya tochi kitu chenye rangi. Tulitunza ukuta mweupe kwa uangalifu mkubwa hata tukasahau kwamba wakunga hawatazami ukuta.

Niliwaomba wapakiaji wasimame. Logisticien alikuja kuuliza kwa nini lori limenyamaza. Nilimwambia nahitaji nusu saa, bandeji moja na unga wa manjano, ule wa mapishi, kutoka kwa mama anayeuza viungo chini ya barabara. Nilikata vitambaa vitano. Kimoja nilikiacha kama kilivyo. Vingine nilivichovya katika maji ya manjano, cha pili kwa rangi hafifu, cha tatu zaidi kidogo, hivyo hivyo hadi cha tano. Nikavikausha juu ya jiko, nikavichanganya, nikamwomba Logisticien aingie chumba cheusi na kuvipanga kuanzia cheupe hadi cha njano kabisa.

Kwa tochi tuliyonunua aliweka vile viwili vya njano zaidi upande mmoja bila shida. Vitatu vilivyobaki alivigeuza, akavigeuza tena.

"Hizi tatu iko sawa," akasema.

Nilimpa tochi ya droo. Akakitoa kimoja, kisha kingine. Mwishowe nikampeleka uani, chini ya mawingu, na hapo akavipanga vyote vitano kwa kutazama tu. Alibaki ameshika kile cha tatu. Nadhani alikuwa anafikiria ngozi ya mtoto.

"Maman, camion imejaa," alisema polepole.

Nilimwambia najua. Nilimwambia pia kwamba nafuta sahihi yangu. Nilichukua fishi, nikapiga mstari mmoja tu juu ya jina langu, ili anayesoma baadaye aone nani alikosea, nikaandika chini: haionyeshi manjano. Logisticien alisema basi tupakue katoni zote. Hapo mkunga, ambaye ndiye aliyeumizwa na tochi ile kuliko sisi, akamkatalia.

Alisema huko Mwenga na Shabunda kuna wakunga ambao leo hawana mwanga wowote. Mwanamke akichanika wakati wa kuzaa anahitaji kushonwa, na uzi hauoni rangi. "Musibanyime torche," akasema. "Mubaambie tu kama hii haijue jaune."

Logisticien alipendekeza karatasi ya maelezo katika kila katoni. Mkunga alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Karatasi? Kule karatasi inafungia karanga."

Mimi nilikuwa bado na vitambaa mkononi. Nilitazama lile tundu la kamba mkiani mwa tochi, na nikajua la kufanya. Tulikata bandeji kwa vipande vyembamba. Nusu tuliviacha vyeupe, nusu tukavichovya katika maji yale ya rangi ya tatu, rangi iliyomshinda Logisticien. Kila tochi ilifungwa kitambaa cheupe kimoja na cha njano kimoja, vinaning'inia pamoja, na maneno yakatumwa kwa redio kwa kila kituo: kabla ya kukagua mtoto, tazama vitambaa. Ukiviona viko sawa, usiamini macho yako, mpeleke mtoto mlangoni. Wapakiaji walifunga, Logisticien alifunga, mkunga alifunga na koti lake limelowa. Dereva alilalamika kwamba aliajiriwa kama chauffeur na si tailleur, yaani fundi wa nguo, na vidole vyake vilikuwa vya njano kuliko vya wote. Lori liliondoka kesho yake.

Mwisho wa juma lile nilikwenda Kasha. Nilitaka kuona kwa macho yangu, kisha niandike. Mtoto alikuwa amerudi nyumbani. Ananyonya, analia kwa nguvu, macho meupe. Daktari aliwaambia walifika wakati bado upo, wala haukuwa mwingi. Nilimshukuru bibi yake, nikamweleza kazi yangu na chumba cheusi na majaribio yetu yote. Alinisikiliza kwa adabu.

"Mie sina torche," alisema nilipomaliza. "Niko na mulango."

Fishi ya depo iliongezwa mstari, Rangi, na katika chumba cheusi viliwekwa vitambaa vitano ndani ya chupa iliyofungwa. Tochi za wakunga zilizofuata zilikuwa za mwanga mweupe usioegemea buluu wala njano. Hakuna aliyependeza chini yake. Vitambaa viwili tuliendelea kuvifunga vilevile, kwa sababu hata tochi nzuri hubadilika betri inapochoka. Nilifanya kazi miaka mingine sita, nikakabidhi funguo na daftari.

Sasa majirani huniletea tochi kabla hawajanunua. Nawaambia mambo machache: soma katoni kisha isahau, uliza betri yake inauzwa wapi, iangushe mbele ya muuzaji uone uso wake, na imulike mkono wako mwenyewe, si ukuta. Wengine hunipa tochi niwashe, wakaondoka, wakarudi jioni kuchukua majibu. Huwa nafurahi. Bado naandika dakika.

Miezi michache iliyopita mjukuu wangu alijifungua katika kituo kingine, mbali na Kasha, mahali ambapo hakuna anayenijua. Siku ya kuondoka mvua ilinyesha na umeme ukakatika. Muuguzi, binti mdogo sana, alikuja na tochi ya alumini iliyochubuka. Nilikaa kitandani nikimtazama, ingawa mdomo uliniwasha. Alifunua kichwa cha mtoto, akawasha tochi, halafu akasita. Akakusanya kwenye kiganja vitambaa viwili vilivyoning'inia mkiani, akavimulika. Kisha akazima, akambeba mtoto wetu, akaenda naye mlangoni kwenye mwanga wa mvua.

Aliacha tochi juu ya kitanda karibu nami. Nikaichukua. Kitambaa cheupe kilikuwa kimezeeka hadi kufanana na majivu. Kile cha njano kilikuwa kipya. Nilikinusa, bado kilinukia manjano: mtu alikichovya wiki ile ile.